Usingizi wa Kibiriti

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, ni zamani hii ya juzi ambayo hata mbwa hudaiwa cheti kabla ya kupanda ndege, alikuwapo mwanamke mmoja huko Tukuyu, kwenye vilima vya chai na mvua isiyochoka. Jina lake Subilaga. Alikuwa mkunga miaka thelathini na miwili, akastaafu, na mumewe alikwisha kufa. Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie kwamba alisinzia.

Subilaga alikuwa na binti mmoja, Sekela, aliyeolewa Norwe. Na alikuwa na mbwa mmoja, mwili wa rangi ya mbao, kichwa cheusi tii. Akilala amejinyoosha, utadhani njiti. Basi wakamwita Kibiriti.

Msidhani alikuwa mbwa wa kubweka getini tu. Subilaga alikuwa na kisukari, kile cha kujichoma sindano. Sukari ilipomshuka, mwenyewe hakuwa na habari. Kibiriti ndiye aliyejua. Alimfuata popote alipo, akamlamba viganja, akabweka mpaka mama ale kitu kitamu. Mara tatu alimwokoa hivyo. Mara ya tatu muuguzi alimwambia, "Mama, kama si mbwa huyu, leo tungekuwa msibani kwako."

Sasa Sekela akapata mimba. Mumewe alifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta katikati ya bahari, majuma kwa majuma hayupo. Sekela akapiga simu. "Mama, umepokea watoto wa Tukuyu nzima. Wangu apokewe na mtu nisiyemjua?"

Subilaga akajibu, "Nitakuja, mwanangu. Ila bila Kibiriti sitoki hapa."

Wakaulizia. Wakaambiwa inawezekana, lakini ni kazi. Kwanza mbwa atiwe chipu chini ya ngozi, kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye namba yake. Kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Mwezi upite, atolewe damu, damu ipelekwe ng'ambo ikapimwe. Majibu yakiwa mazuri, miezi mitatu mingine ya kungoja. Kisha dawa ya minyoo ya tegu, siku chache tu kabla ya safari, si mapema wala si kuchelewa. Kisha cheti cha afya, nacho kina siku zake, zikipita ni karatasi ya kufungia karanga. Na juu ya yote kizimba cha safari, ambacho mbwa anaweza kusimama, kugeuka na kulala ndani yake. Tena akizoee, asije akakutana nacho mara ya kwanza uwanjani.

Kazi ya miezi mitano haifanywi na mtu mmoja. Subilaga akapata watu wanne.

Wa kwanza ni Daktari Ng'wandu, mganga wa mifugo, Msukuma mcheshi. Wa pili Ambakisye, fundi seremala, mdogo wa marehemu mumewe. Yeye akapewa kizimba. Wa tatu Tusekile, jirani. Yeye akapewa kumzoeza mbwa kulala humo. Wa nne Lwitiko, mwana wa kaka yake, mtu mzima mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Yeye akapewa safari zote za kwenda Mbeya na kurudi, karatasi, damu, na mbwa mwenyewe akihitajika huko.

Mambo yakaenda vizuri mwezi mzima. Kisha ikaja siku ya damu.

Daktari akapitisha mashine yake shingoni mwa Kibiriti kusoma chipu. Akatazama mashine, akatazama kadi ya chanjo, akatazama tena mashine.

"Ehe," akasema. "Huku inaishia sita moja. Kwenye kadi imeandikwa moja sita."

"Maana yake nini, daktari?"

"Maana yake damu ikienda hivi, kule watasema ni ya mbwa mwingine, na tunaanza upya." Akacheka. "Mkono wangu huo, mama. Uliteleza. Nitasahihisha, nipige muhuri, yaishe."

Kwa daktari yakaisha. Kwa Subilaga ndiyo kwanza yakaanza. Mtu aliyesoma miaka yote ile, mkono uteleze? Na ile kadi, tangu siku ya chanjo, ilikuwa wapi? Siku mbili ilikuwa kwa Ambakisye, alipokuwa akinakili humo vipimo vya mbwa kwa ajili ya kizimba. Siku nne ilikuwa ndani ya pikapu ya Lwitiko. Na Tusekile ndiye aliyeileta nyumbani mkononi, imepinda kona.

Usiku haukuwa na usingizi, na mchana haukuwa na utulivu. Akaanza kuwachambua mmoja mmoja, kama mchele kwenye ungo.

Ambakisye? Huyu alisema mbele ya ukoo wote, "Mke wa kaka yangu akafie kwenye barafu, azikwe na watu wasiojua hata kulia?" Hataki niende. Na anajua bila mbwa siendi.

Tusekile? Mumewe yuko migodini Chunya, analala na watoto peke yake. Kibiriti ndiye aliyewafukuza wezi waliotoboa ukuta wake. Atapenda mbwa huyo aondoke?

Lwitiko? Mwaka jana alimwandikia Sekela amwalike Norwe, Sekela akakataa. Sasa anaendesha gari kumpeleka mbwa kule alikokataliwa yeye. Moyo wa binadamu unabeba hilo kweli?

Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia. Lakini nguo zilikuwa tatu.

Juma la pili Kibiriti akasukuma mlango wa kizimba kwa pua, bawaba ikabaki inaning'inia. Skrubu mbili hazipo.

Ambakisye akazitafuta, akaziona sakafuni. "Mbao mbichi hii, shemeji. Ikikauka inaachia. Nitatia ndefu zaidi."

"Mbao," akasema Subilaga.

"Ndiyo, mbao. Ulidhani nini?"

"Sikudhani kitu, shemeji."

Tangu siku ile akabadili mwendo. Watatu hao walikuwa wakikutana barazani kwake kila jioni, wakinywa chai na kuulizana mbwa amefikia wapi. Akaikata ile chai. Ambakisye akaambiwa aje asubuhi, Tusekile adhuhuri, Lwitiko jioni. Ambakisye akaambiwa, "Unayoyafanya hapa usimwambie mtu. Yabaki kati yetu wawili." Tusekile akaambiwa, "Unayoyafanya hapa usimwambie mtu. Yabaki kati yetu wawili." Lwitiko naye akaambiwa vilevile, neno kwa neno. Kila mmoja akaona ameaminiwa kuliko wenzake. Kila mmoja akanyamaza.

Miezi ikaenda. Damu ikarudi na majibu mazuri. Tusekile akamzoeza Kibiriti kwa uvumilivu: leo bakuli la ugali na dagaa mlangoni mwa kizimba, kesho ndani kidogo, keshokutwa ndani kabisa, mlango ukafungwa dakika moja, kisha tano, kisha saa nzima. Akamtandikia kanga yake kuukuu. Subilaga alimtazama kutoka dirishani. Akimwona anamnong'oneza mbwa sikioni, alijiuliza, anamwambia nini?

Siku tatu kabla ya safari, Daktari Ng'wandu akaja na dawa ya tegu na cheti cha afya. Akamaliza, akafunga mkoba wake, akasimama.

"Mama, moja la mwisho, nalo ndilo kubwa. Siku ya safari mbwa asipewe kitu chochote cha kumlegeza. Si kidonge, si mitishamba, si chochote. Uwanjani wakimwona amelewa dawa hawampokei, na wana haki. Kule juu moyo unaweza kusimama, na hakuna wa kumfungulia. Waambie wote wanaomgusa."

"Nitawaambia, daktari."

Akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akasimama jikoni, sufuria ikichemka, akawaza. Niwaambie? Yumo mmoja kati yao asiyetaka safari hii. Mpaka leo hajui njia nyepesi ya kuizuia. Nikisema, nitakuwa nimempa mwizi ufunguo nikamwonyesha na mlango.

Hakuwaambia.

Siku ikafika. Ndege ndogo ya kutoka mkoani ilikuwa iruke saa tano asubuhi, iwapeleke Dar es Salaam, na huko wapande ile kubwa. Kulipopambazuka Tusekile akaja na maziwa ya Kibiriti kwenye kibuyu. Mbwa alikuwa anatetemeka. Mizigo ilikuwa mlangoni, na mbwa anajua mizigo.

"Mama Sekela, anatetemeka huyu. Hakuna kitu cha kumtuliza?"

Subilaga akamkazia macho. Mbona anauliza hilo? "Wewe mpe maziwa yako tu, binti yangu. Mengine niachie mimi."

Akaingia ndani kufunga sanduku. Ambakisye akaja kukagua skrubu na kufunga kamba. Lwitiko akaja na pikapu. Wakapakia, wakaagana, Tusekile akalia. Subilaga akaona machozi yale akashindwa kuyasoma.

Njiani wakasimama mara moja kuweka mafuta, Subilaga akaenda kujisaidia. Aliporudi, Kibiriti alikuwa analamba pua. Mwendo uliobaki alikuwa kimya kabisa. Mama akafurahi. Amezoea, akasema moyoni. Tusekile kazi ameifanya.

Uwanjani wakafika mapema. Mkaguzi wa wanyama, dada mmoja mwenye miwani, akapitisha mashine, namba zikalingana. Akasoma kadi, akasoma cheti, akasoma kibali. Akapima kizimba, akatikisa mlango, akaridhika. Kisha akainama.

"Anaitwa nani?"

"Kibiriti."

"Kibiriti!" akaita. "Kibiriti!"

Kichwa cheusi hakikuinuka. Sikio moja likatikisika, basi. Mkaguzi akafungua mlango, akammulika machoni kwa kurunzi, akamwekea mkono ubavuni, akahesabu pumzi.

"Mama, mbwa huyu amepewa nini?"

Subilaga akamtazama mbwa. Akageuka. "Lwitiko. Amepewa nini?"

"Sijui, shangazi."

"Nitazame. Amepewa nini?"

"Sijui, shangazi. Kweli sijui."

Mkaguzi akatikisa kichwa. "Simpandishi. Nikimpandisha nitakuwa namuua. Wewe mama una tiketi yako na karatasi zako, unaweza kwenda. Mbwa abaki, apumzike, atafutiwe siku nyingine."

Hapo, jamaa zangu, ndipo Subilaga aliposimama kati ya milango miwili. Upande huu Sekela, tumbo la miezi minane na nusu. Upande huu Kibiriti, ulimi nje, hajui jina lake. Akawaza, amelishwa sumu. Aliyemlisha yuko Tukuyu au yuko hapa kando yangu. Nikipanda, namwachia nani? Namrudisha kwenye mikono ileile?

Akasema, "Sipandi."

Wakarudi.  Daktari Ng'wandu akampokea mbwa, akamlaza, akamtundikia maji mguuni. Kesho yake mchana Kibiriti akaamka, akanywa maji, akajikojolea, akatikisa mkia kwa aibu. Lakini siku za dawa ya tegu na cheti zilikuwa zikiisha, na nafasi nyingine ya ndege ilikuwa juma lijalo. Daktari akawauliza mmoja mmoja, "Alikula nini?" Lakini kila mmoja alimwona mbwa mzima amesimama, akaogopa kulaumiwa, akasema hajui.

Siku ya tano baada ya hapo, Sekela akashikwa na uchungu. Mumewe baharini, dhoruba, helikopta hairuki. Akajifungua mtoto wa kike, salama, lakini yeye mwenyewe damu ilimtoka sana, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Akapona. Siku aliyopewa simu mkononi alisema neno moja tu kwanza: "Mama." Kisha akasema, "Nilikuita, mama. Nilimshika mkono mwanamke mmoja hapa, hata sura yake siikumbuki, nikamwita mama."

Subilaga, aliyewashika mikono wanawake wa Tukuyu nzima, akakaa chini sakafuni.

Jumapili iliyofuata akawaita wote wanne. Ndiyo mara ya kwanza tangu ile chai ikatwe kukaa pamoja chumba kimoja. Mvua ilikuwa inapiga bati. Simu ikawekwa mezani, sauti imefunguliwa, Sekela akisikiliza kutoka kitandani kwake. Subilaga akasema, "Sikuwaita kuwafunga. Nataka kujua. Nani alimpa mbwa wangu sumu?"

 Kisha Tusekile akajifuta macho.

"Si sumu, Mama Sekela. Nilitia majani kwenye maziwa. Yale ambayo bibi yangu alitupa utotoni tukikosa usingizi. Vijiko viwili tu. Alikuwa anatetemeka. Nilikuuliza, hukuniambia usimpe. Uliniambia nimpe maziwa yangu."

Ambakisye akageuka kumtazama, mdomo wazi. "Wewe pia?"

"Mimi pia?" akauliza Tusekile. "Kwani nani mwingine?"

Ambakisye akavua kofia. "Nilimpa kidonge. Kile cha mafua, ninachokunywa mimi, kinachonilaza. Nusu yake, ndani ya kipande cha nyama. Alikuwa anakwaruza kizimba mpaka kucha zinatoka damu. Shemeji, ni kweli sikutaka uondoke. Lakini kizimba kile nilikitengeneza kwa mikono yangu, skrubu nimezitia mara mbili. Nani hujenga nyumba kwa siku arobaini ili aibomoe kwa nusu kidonge?"

Sasa macho yote yakaenda kwa Lwitiko. Alikuwa ameinama.

"Mimi nilimpa cha kuzuia kutapika," akasema. "Pale kituo cha mafuta. Kila nilipompeleka Mbeya alitapika garini. Nikasema asifike uwanjani amejichafua wakamkataa. Kidonge kimoja tu, shangazi."

"Nilikuuliza," Subilaga akasema. "Nilikuuliza mara mbili, mbele ya yule dada."

"Niliogopa."

"Ungesema, ningejua si sumu. Ningekuachia umrudishe kwa daktari, nikapanda. Mwanangu angenishika mkono mimi."

"Niliogopa, shangazi. Najua wewe uliniona mwizi kabla sijaiba. Ningesema nimempa kidonge, ungeamini kwamba nilitaka kumsaidia?"



Daktari Ng'wandu, ambaye siku zote hucheka, hakucheka. "Kimoja kati ya hivyo kingepita. Angesinzia kidogo, angeamka mkifika uwanjani. Viwili, labda. Vitatu, hapana." Kisha akageuka. "Lakini mama, mimi nilikwambia. Nilisema waambie wote wanaomgusa."

Watatu wakainua vichwa pamoja.

"Alikwambia nini?" akauliza Ambakisye.

"Alinikataza kumpa mbwa dawa yoyote," Subilaga akasema taratibu. "Alisema niwaambie. Sikuwaambia."

"Kwa nini, shemeji?"

"Niliogopa mmoja wenu angeitumia dawa hiyohiyo kunizuia." Akamnyooshea daktari kidole. "Na hofu hiyo ilianzia kwenye kadi yako. Namba ile. Ungeiandika sawa, nisingemshuku mtu. Na ulijua jambo lile ni kubwa, la kuua. Kwa nini hukuwaambia mwenyewe? Kwa nini hukuliandika likabandikwa kwenye kizimba?"

"Kwa sababu kila nilipokuja nilikukuta peke yako," akasema daktari. "Lakini ni kweli, karatasi ninayo na kalamu ninayo. Sikuandika."

Tusekile akasema, "Tungekuwa bado tunakunywa ile chai jioni, ningemwambia Ambakisye kuhusu majani, yeye angeniambia kidonge, tungecheka."

"Mlinitii," akasema Subilaga. "Niliwakataza kusema, mkanitii."

Ndipo sauti ikatoka mezani. Dhaifu, ya mtu aliyepoteza damu, na nyuma yake mtoto mchanga analia.

"Mama. Baba mdogo. Dada Tusekile. Kaka Lwitiko. Daktari. Nimewasikia wote. Kila mmoja wenu ana sababu, na kila mmoja anamtazama mwenziwe. Mimi simtafuti wa kumlaani. Nina mtoto hapa, sina nguvu ya kulaani. Nataka mtu mmoja tu aseme, 'Sekela, ni mimi niliyekunyima mama yako.' Mmoja. Nimsamehe kwa jina lake, nilale. Siwezi kusamehe chumba kizima."

 Mvua ikaendelea. Wakatazamana watano wale.

Wenzangu mlioketi hapa, mmemsikia Tusekile na majani yake, aliyeuliza asijibiwe. Mmemsikia Ambakisye, ambaye hakutaka safari akaijengea nyumba. Mmemsikia Lwitiko, aliyesema "sijui" pale neno moja lingetosha. Mmemsikia daktari aliyekosea tarakimu mbili na kuacha karatasi nyeupe. Na mmemsikia mama mwenyewe, aliyelinda siri ili mbwa awe salama. Simu iko wazi mezani, na Sekela anangoja.

Je, nani alistahili kuinuka na kusema, "Ni mimi"?